Bei ya Mkoko Uliosimama

Kabla ya mtu yeyote kuja Pwani na neno tani ya hewa ukaa, mkoko ulihesabiwa kwa korija. Korija moja ni vipande ishirini. Hukwenda kwa mkataji ukamwambia unataka miti. Ulimwambia unataka korija ngapi, na za aina gani. Vijiti vyembamba vya kusukia ukuta wa udongo ni fito. Vikizidi unene kidogo ni pau. Halafu kuna mazio, halafu boriti za kubebea dari, halafu nguzo. Kila unene una jina lake, na kila jina lina bei yake.

Naanza na hesabu hii kwa sababu siku hizi kuna stori inasemwa sana: kwamba dunia imegundua majuzi tu kuwa maumbile yana thamani ya pesa. Msitu unafyonza hewa chafu, mikoko inavunja nguvu za mawimbi, basi tuviwekee bei, tuuze, tuokoe sayari. Stori tamu. Lakini ukiisoma historia ya pwani yetu utaona mikoko haijawahi kukosa bei. Kinachobadilika kila kizazi ni kile kinachohesabiwa, na yule anayeshika daftari. Nataka tuliangalie jambo hilo tukiwa tumesimama sehemu moja tu: Dabaso.

Wengi wetu tumepita Dabaso bila kujua. Ukitoka Mombasa na matatu ya Malindi, ukishaiacha Kilifi nyuma na kupita Matsangoni, upande wa kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke unakwenda na wewe kilomita kadhaa. Upande wa kulia, kabla hujafika Gede, kuna minazi, mikorosho na miembe, na nyuma ya mashamba hayo ardhi inashuka polepole hadi kwenye hori la Mida, lile ambalo kwenye mabango ya watalii limeandikwa Mida Creek. Bahari inaingia bara kupitia mlango mwembamba karibu na Watamu. Inajaa, inakupwa, na katikati ya kujaa na kupwa huko ndipo mikoko inapoishi. Watu wa hapo wana majina ya kila aina yake: mkoko wenyewe na mizizi yake kama miguu ya buibui, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi. Mgeni anaona kijani kimoja. Mwenyeji anaona yadi ya mbao, duka la dawa na mahali pa kuvua.

Kuna kitu kimoja kuhusu Mida ambacho kilinishangaza nilipokisoma mara ya kwanza. Hakuna mto unaoingia humo. Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini ya Malindi, mbali kabisa. Maji matamu yanayofika kwenye mikoko ya Mida hupita chini ya ardhi, yakivuja kutoka nchi kavu kupitia mchanga na mawe ya matumbawe. Yaani mvua inayonyesha upande wa msitu ina kazi mpaka upande wa bahari. Sisi tunaopita barabarani tunaona msitu kushoto na mikoko kulia, tukadhani ni vitu viwili. Kwa maji, ni nyumba moja yenye milango miwili.

Na hapo jirani kuna mji mzima wa kutukumbusha maji ni nini. Magofu ya Gede yako mwendo mfupi kutoka Dabaso. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, jumba la mfalme, nyumba za mawe, na vyombo vya kauri kutoka China. Ukashamiri kwa karne kadhaa, kisha ukaachwa mapema katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kwa nini watu waliondoka? Wapo wanaotaja Wazimba walioshambulia pwani mwaka 1589. Wapo wanaotaja Wareno kumhamishia Sultani wa Malindi Mombasa miaka michache baadaye. Wapo wanaotaja uvamizi wa Waoromo. Lakini ushahidi mmoja uko pale pale, umechongwa kwenye mwamba: kisima cha msikiti mkubwa kiliongezwa kina. Maji yalikuwa yanashuka, na watu walikuwa wanayafuata. Sisemi kiu peke yake ndiyo iliyoua Gede. Nasema tu kwamba maji hayakuandikwa kwenye daftari la mfanyabiashara yeyote wa mji ule, na bado yalikuwa na bei.

Kilichoandikwa kwenye madaftari ni miti. Tangu karne ya 10, mwandishi al-Istakhri alieleza kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa mbao zilizotoka nchi ya Zanj, yaani kwetu. Nchi za Ghuba ni kame, hazina msitu wa kutoa mihimili. Boriti ya mkoko ni ngumu, imenyooka, na mchwa hawaipendi. Kwa hivyo majahazi yakaja na upepo wa kaskazi yakileta tende, mazulia na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa miti. Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki mita tatu. Si mtindo wa fundi. Huo ndio urefu wa boriti. Na nyumba za zamani za Kuwait na Bahrain ziliishi chini ya kipimo hicho hicho. Mkoko wetu ndio ulioamua mtu wa Ghuba atalala kwenye chumba cha upana gani.

Biashara hiyo haikufa upesi. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokwenda delta ya Rufiji kupakia boriti, na akaandika kitabu kizima kuhusu safari ile. Mida haikuwa Rufiji wala Lamu. Ni hori dogo, na miti yake mingi ilijenga nyumba za hapa hapa, ikachoma chokaa ya hapa hapa. Lakini sheria ya hesabu ilikuwa moja. Mkoko ulipata bei siku ulipoanguka. Ukiwa umesimama, hakuna aliyekuandikia chochote.

Serikali ya kikoloni nayo ikaja na daftari lake. Tarehe 30 Aprili 1932, kwa tangazo nambari 44, mikoko yote ya pwani ya Kenya ikawa msitu wa serikali. Sentensi moja kwenye gazeti rasmi, kutoka Vanga hadi Kiunga. Mti ambao babu alikuwa anakata kwa ruhusa ya wazee ukawa unataka karatasi. Msitu wa Arabuko-Sokoke nao ulitangazwa wa serikali katika zama hizo hizo. Uhuru ulipokuja tulidhani daftari litarudi nyumbani. Wapi! Mwaka 1964 umiliki huo ukathibitishwa upya, sasa kwa jina la Kenya huru. Ishike hiyo 1932, tafadhali, kwa sababu tutarudi kwake tukifika kwenye kaboni.

Halafu ukaja wakati wa kufunga. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zilipata hifadhi za bahari, za kwanza Kenya, na Mida ikawekwa ndani ya eneo la hifadhi. Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi. Majahazi ya Ghuba, ambayo hata hivyo yalikuwa yameanza kupotea kwa sababu mafuta yaliwapa wenzetu saruji na chuma, yakakosa shehena. Je, mikoko ilipumzika? Kiasi. Hoteli za Malindi na Watamu zilikuwa zinajengwa, nazo zilitaka nguzo na pau za kuezekea makuti. Marufuku ilifunga mlango wa baharini, mlango wa barabarani ukabaki wazi.

Na kuna kipande cha historia hii ambacho hakipendezi kwenye kadi za posta. Kaskazini ya Malindi, kuanzia Gongoni kwenda Marereni, kuna mabwawa makubwa ya chumvi. Ili upate bwawa la chumvi unahitaji ardhi tambarare inayofikiwa na maji ya bahari, na ardhi ya namna hiyo mara nyingi ina mikoko. Wakaazi walilalamika miaka mingi kuhusu kufukuzwa, kukatwa kwa mikoko na maji ya visima kuingia chumvi, mpaka Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikafanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti mwaka 2006. Ukitaka kujua kwa nini mambo yale yaliwezekana, rudi kwenye daftari. Chumvi ina bei kwa gunia. Mkoko uliosimama ulikuwa na bei gani? Sifuri. Kwa macho ya mpangaji wa wakati ule, pale hapakuwa na kitu. Palikuwa na tope tu. Mtu ana haki gani ya kulia kwa sababu ya tope?

Swali la jinsi ya kulipa kitu kilichosimama lilipata jibu moja karibu sana na Dabaso. Miaka ya mwanzo ya 1990, majirani wengi wa Arabuko-Sokoke walitaka msitu ufunguliwe wagawiwe mashamba. Usiwahukumu haraka. Ndovu walikuwa wanatoka humo kula mahindi, nyani wanamalizia, na mwenye shamba hapati hata senti kutoka kwa msitu. Mwaka 1993 ukaanzishwa mradi wa Kipepeo pale Gede. Mkulima anashika vipepeo wachache msituni, anawafuga nyumbani, anapanda mimea ambayo viwavi hula, kisha anauza pupa, kile kifuko ambamo kiwavi hugeuka kuwa kipepeo. Pupa zinasafirishwa haraka kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho, na kipepeo wa Sokoke anafunguka mbele ya watoto wa shule wa huko. Kwa wengi lilionekana jambo la kuchekesha, kuuza wadudu kwa Wazungu! Lakini angalia hesabu imegeuka wapi. Mbegu ya biashara inatoka msituni, kwa hivyo siku msitu unapokatwa, mkulima anafilisika. Kwa mara ya kwanza shoka lilikuwa na gharama kwa yule anayelishika.

Dabaso wamefanya hesabu hiyo hiyo kwa kaa. Kikundi cha wenyeji kinalea mikoko, kinafuga kaa wa matope, na kimejenga njia ya mbao inayopita katikati ya miti hadi kwenye mkahawa uliosimama kwa nguzo juu ya maji. Unakaa pale jua likizama, unakula sambusa za kaa, maji yanapanda chini ya miguu yako. Nimezila, na bei yake nililipa bila kinyongo. Kwingine kwenye hori hilo, tangu mwaka 2001, mpango wa ASSETS chini ya A Rocha Kenya hutumia ada za watalii kwenye daraja lake la mbao kusaidia kulipa karo za sekondari za watoto wanaoishi kandokando ya msitu na hori. Mtoto anasoma kwa sababu mti haukukatwa. Hiyo mtu yeyote anaielewa bila semina.

Shida ni kwamba mtalii ni kama upepo wa kaskazi: haji akiitwa. Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, Watamu ilinyamaza. Machi 2020, ndege zikasimama. Njaa haikusimama. Ukitegemea sambusa peke yake kulinda msitu, msitu uko salama mpaka msimu ubaya.

Hapo ndipo kaboni inaingia, na inaingia na sayansi nzito. Mwaka 2011 Daniel Donato na wenzake walipima mikoko ya bahari ya Hindi na Pasifiki wakakuta hektari moja imeshika, kwa wastani, zaidi ya tani 1,000 za kaboni, kiasi kikubwa kuliko misitu mingi ya nchi kavu ya tropiki. Na sehemu kubwa haiko kwenye mti. Iko kwenye tope. Majani na mizizi ikianguka pale, maji ya chumvi yanaifunika, hewa haipenyi, kuoza kunakwenda kwa mwendo wa kobe, na tabaka linapandana juu ya tabaka kwa mamia ya miaka. Lile tope lililoitwa si kitu ndilo sanduku la akiba. Ukikata mikoko na kuchimbua tope, unalifungua sanduku na kuiachia hewa ile irudi angani.

Wa kwanza kuuza akiba hiyo hawakuwa Dabaso. Ni wenzetu wa Gazi na Makongeni, kusini mwa Mombasa, kaunti ya Kwale. Watafiti wa taasisi ya KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walikuwa wanapanda mikoko huko tangu miaka ya 1990. Mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja ulianza kuuza hewa iliyohifadhiwa na hektari 117 za mikoko, takriban tani 3,000 kwa mwaka, kwa mkataba wa miaka 20. Pesa zilileta maji ya bomba na vitabu vya shule. Mwaka 2017 walipata Tuzo ya Ikweta. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha mradi wao wa hektari 460. Hivi ni vijiji vya wavuvi, bana, na wanauza kitu ambacho hakionekani kwa watu ambao hawajawahi kufika.

Kwa hivyo Dabaso nao wauze tu? Polepole. Ninaamini mkoko uliosimama unastahili kulipwa. Nikiwa mjini ninawasha taa, ninapanda ndege, na moshi wangu unashikwa na tope la mtu mwingine. Kumlipa mtu huyo ni deni, si sadaka. Lakini historia tuliyoipitia inanifanya niulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi.

La kwanza ni mwenye mti ni nani. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Sasa mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii unatakiwa kuwa na makubaliano na jamii, na kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Inasikika vizuri. Sasa ikumbuke 1932. Mikoko ya Mida bado ni msitu wa umma kwa mnyororo wa sheria ulioanzia kwenye tangazo lile. Sheria za misitu za 2005 na 2016 zinawaruhusu wenyeji kuungana na kushirikiana na serikali kuutunza, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini kutunza si kumiliki. Mtu wa Dabaso anakaa mezani kama mlinzi anayelipwa, wakati mababu zake walikaa kama wenyewe. Asilimia 40 za nini, basi? Mapato kabla ya gharama au baada? Gharama zinaandikwa na nani? Ukimuuliza mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi kwa tajiri wa miti atakwambia, faida ya mtu mdogo huwa inazama kwenye safu ya gharama.

La pili ni jikoni. Kijana mwenye panga akikata korija moja usiku, kesho asubuhi ana doo mkononi. Tani ya kaboni inapimwa, inakaguliwa, inauzwa, inapita kwenye kamati, na inafika mwakani ikiwa kisima au darasa. Kisima ni kitu kizuri mno. Lakini hakipiki ugali wa leo. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji kwenye misitu ya umma, marufuku haikumwachia mkataji kazi nyingine. Mradi wowote ambao hauna la kumwambia kijana huyu wa panga unamtegemea avumilie kwa niaba yetu sote. Nyinyi mnaosoma hii kwenye simu mkiwa Nairobi, mngekubali mshahara wenu uje mwakani, tena kwa umbo la kisima?

Ninapendekeza kitu kimoja ambacho korija ilikuwa nacho na tani haina. Korija mtu yeyote aliweza kuihesabu. Tajiri akikwambia ni kumi na nane, wewe unazimwaga chini mnahesabu pamoja. Ishirini ni ishirini, kwa msomi na kwa asiyejua kusoma. Tani ya hewa haishikiki. Inahitaji hesabu, maabara na mkaguzi kutoka mbali, na bei yake inapangwa kwenye miji ambayo haijui kupwa ni nini. Asiyeweza kuhesabu mali yake atahesabiwa na mwenzake.

Lakini ukiitazama kazi yenyewe, hatua zake za mwanzo si uchawi. Ni utepe wa kupimia unene wa shina. Ni bomba la kuzamisha kwenye tope na kutoa sampuli. Ni kuandika namba, mti kwa mti, maji yakiwa yamekupwa. Watu waliowahi kutofautisha fito na pau kwa kutazama tu, mazio na boriti kwa kushika tu, hawawezi kushindwa na kazi hiyo. Watoto wanaosomeshwa sekondari kwa ada za daraja la mbao ndio wanaofaa kushika utepe huo, na nakala ya daftari ibaki Dabaso, kwa Kiswahili na Kigiriama, isomwe barazani kila mwaka kabla pesa hazijagawanywa.

Mikoko ya Mida iliwahi kuhesabiwa na matajiri, ikahesabiwa na Waingereza, halafu ikahesabiwa sifuri. Safari hii wahesabu wenyeji.